Mbwa anayetapika baada ya sherehe: sumu au kongosho?



Kila unapopita msimu wa sherehe, iwe jando, harusi, Idi au Krismasi, ofisi za mifugo hupata habari zinazofanana. Mbwa wa boma anatapika, amejikunja, hataki kula, na mwenye mbwa ana hakika kuwa amelishwa sumu. Wakati mwingine ni kweli. Sumu ya kutegea fisi na dawa za kuogeshea mifugo zimeua mbwa wengi wa wafugaji. Lakini wakati mwingine hakuna aliyemtega. Mbwa amekula mafuta mengi kwa mara moja, na kiungo kidogo kilichojificha karibu na tumbo lake la chakula kimeanza kujiunguza chenyewe.

Nakumbuka boma moja nililofika nikakuta wazee wa koo mbili wamekaa chini ya mti tangu asubuhi kwa ajili ya mbwa mmoja. Alikuwa dume hodari wa kuzuia fisi, na alianza kutapika siku ya pili baada ya harusi. Jirani ambaye wiki iliyotangulia alilalamika kuwa mbwa huyo anawakimbiza mbuzi wake ndiye aliyeshukiwa, na watu walishaanza kuzungumza habari ya ng'ombe wa faini. Nilimwuliza mama wa boma, "Mama, mafuta ya wale kondoo mliyaweka wapi?" Akafikiri kidogo. Kumbe sufuria ya mafuta ya mkia, iliyoachwa ipoe nyuma ya nyumba, ilikutwa imelambwa mpaka chini. Walidhani ni watoto.

Sikuwa na kipimo cha kuthibitisha siku ile, na niliwaambia wazee hivyo hivyo. Lakini dalili zote zilielekea kwenye kongosho wala si kwenye sumu, mbwa akapona kwa dripu na chakula chepesi, na jirani hakutozwa kitu. Makala hii inaeleza jinsi ya kutofautisha mambo hayo, na habari gani umpelekee daktari ili asibahatishe.

Kongosho ni nini

Wewe unayechinja umeshaliona. Ukichinja mbuzi au kondoo, tazama pale utumbo mwembamba unapoanzia, karibu na ini. Utaona kinyama laini cha rangi ya waridi iliyopauka, kimegawanyika vipande vidogo vidogo kama punje zilizoshikana. Wengi hukitupa pamoja na mafuta ya utumbo. Mbwa naye analo, jembamba na refu, limelala pembeni ya utumbo huo.

Lina kazi mbili. Ya kwanza ni kutoa maji yenye vimeng'enya vinavyoyeyusha nyama, mafuta na wanga utumboni. Ya pili ni kutoa insulini, inayoingiza sukari ya damu mwilini ipate kutumika. Kazi hii ya pili binadamu aliijua kwa kumtazama mbwa: mwaka 1889 huko Strasbourg, Minkowski na von Mering walimtoa mbwa kongosho, naye akapata kisukari. Mwaka 1921 huko Toronto, Banting na Best walitibu mbwa wenye kisukari kwa maji yaliyokamuliwa kutoka kwenye kongosho, na huko ndiko ilikotoka insulini wanayochomwa wagonjwa hospitalini leo.

Vimeng'enya hivyo hukaa vimelala mpaka vifike utumboni. Vikiamka mapema, vikiwa bado ndani ya kongosho, huanza kuyeyusha kongosho lenyewe na mafuta yaliyolizunguka. Hapo ndipo linapovimba, na maumivu yake ni makali. Mlo mkubwa wa mafuta ni kichocheo kimoja kinachojulikana, na mbwa mnene wa umri wa kati yumo hatarini zaidi. Sumu za kundi la dawa za kupe na wadudu zinaweza kulivimbisha pia. Mbwa wengine huugua bila sababu kuonekana.

Kabla hujamshika

Mbwa anayetokwa mate, asiyeweza kumeza, ambaye taya limelegea au tabia imebadilika ghafla, mfikirie kwanza kuwa na kichaa cha mbwa. Usimfungue mdomo kutafuta mfupa. Wafugaji wengi wameingiza mkono mdomoni mwa mbwa wa namna hiyo wakidhani amekwamwa. Mfungie mahali peke yake, waondoe watoto, mwite mtaalamu. Aliyeng'atwa au kulambwa kwenye kidonda aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo akachanjwe. Mambo mengine yote yaliyomo humu yanamhusu mbwa ambaye umeshahakikisha hana hali hiyo.

Dalili za kongosho lililovimba

Anaanza kwa kukataa chakula na kutapika, mara nyingi saa kadhaa mpaka siku moja au mbili baada ya ule mlo. Anatapika tena na tena, hata maji. Wengine wanaharisha. Analegea, macho yanazama, fizi zinakauka. Ukimgusa tumbo, hasa upande wa mbele karibu na mbavu, analikaza au analia.

Kuna mkao mmoja wa kuutazama. Mbwa anashusha kifua na miguu ya mbele mpaka chini huku nyuma akiwa amesimama, kama anavyojinyoosha akiamka usingizini. Tofauti ni kwamba anayejinyoosha anasimama baada ya muda mfupi na kwenda zake, wakati huyu anabaki hivyo au anaurudia mkao huo kila mara, kwa sababu unampunguzia maumivu. Si kila mgonjwa anaufanya, na maumivu mengine ya tumbo yanaweza kuuleta. Hata hivyo ukiuona, mwambie daktari. Kama una simu yenye kamera, piga picha, maana mbwa akifika mbele ya mgeni mara nyingi hujikaza akasimama wima.

Mpime mambo matatu wewe mwenyewe kama ametulia. Bonyeza fizi kwa kidole mpaka iwe nyeupe kisha achia: rangi inapaswa kurudi ndani ya sekunde 2 hivi. Vuta ngozi ya mabegani: ikibaki imesimama, amepungukiwa maji. Na kama una kipimajoto kile cha ng'ombe, joto la mbwa mzima ni kati ya 38 na 39.2 hivi, chini kidogo ya la mbuzi.

Yanayofanana nalo

Hapa ndipo penye kazi, kwa sababu kutapika ni dalili ya magonjwa mengi, na katika bara letu mengi ya hayo ni ya kawaida kuliko kongosho.

Tuanze na sumu, kwa kuwa ndiyo inayogombanisha watu. Sumu ya kundi la dawa za wadudu huja kwa haraka, dakika chache mpaka saa chache baada ya kuliwa. Mbwa anatokwa mate mengi sana, mboni za macho zinakuwa ndogo kama tundu la sindano, misuli inatetemeka, anajikojolea na kujiharia, anahema kwa shida. Kongosho halileti mtetemeko huo wala mboni hizo. Tazama pia pembeni: kama kuna mzoga na karibu yake wamekufa fisi, tai au mbwa wengine, hiyo ni sumu, na watoto wasiukaribie. Mbwa aliyeogeshwa au kulamba amitrazi, dawa ya kupe inayotumika sana joshoni, anasinzia, anayumba na moyo wake unapiga polepole. Dawa hiyo pia hupandisha sukari ya damu kwa muda, hivyo ukimficha daktari habari ya josho anaweza kudhani mbwa ana kisukari. Nimeshaona watu wakificha kwa aibu. Hakuna aibu, sema.

Magonjwa ya kupe yanakuja na homa, fizi nyeupe au za njano, na mara nyingine mkojo mwekundu au wa rangi ya kahawa. Haya hujulikana kwa tone la damu kwenye kioo chini ya hadubini, kipimo cha bei ndogo kinachofanyika hata katika maabara za wilaya. Lakini jambo moja halimo kwenye mazungumzo yetu ya kila siku: babesia kali inaweza kuvimbisha na kongosho. Wataalamu wa Afrika Kusini wameliona jambo hilo kwa mbwa wao. Kwa hiyo mbwa mwenye kupe akitibiwa babesia na bado anatapika, usikate tamaa na dawa, rudi ukaseme.

Kwa watoto wa mbwa wasiochanjwa, fikiria parvo kwanza: kuhara damu yenye harufu mbaya isiyosahaulika, na kudhoofika ndani ya siku moja au mbili. Mbwa aliyekwamwa na mfupa utumboni hutapika kila anachokula na hapati choo. Jike aliyekuwa kwenye joto mwezi mmoja au miwili iliyopita, anayetapika na kunywa maji mengi, anaweza kuwa na usaha kwenye kizazi hata kama hakuna kinachotoka nje. Huyo hasubiri, anahitaji upasuaji.

Vipimo vya daktari

Hakuna dalili moja inayotosha kusema "hili ni kongosho." Daktari anakusanya habari yako, anayaondoa yale mengine moja baada ya jingine, kisha anapima damu.

Kwa miaka mingi walipima vimeng'enya viwili vya damu, amilesi na lipesi. Bado vinapimwa, lakini havitoshi. Figo zikiugua navyo vinapanda, na mbwa mwenye kongosho lililovimba anaweza kuwa navyo katika kiwango cha kawaida. Siku hizi kuna kipimo kinachotafuta lipesi ya kongosho la mbwa peke yake. Kipo cha haraka, kinachotumia matone ya damu na kujibu kwa nukta za rangi. Nukta ya mgonjwa ikiwa hafifu kuliko nukta ya kulinganishia, kongosho haielekei kuwa ndiyo shida, na daktari atatafuta kwingine. Ikilingana au ikikolea zaidi, shida inaweza kuwa ni kongosho lakini bado si hakika, na kipimo cha maabara kinachotoa namba hufuata. Ukipewa karatasi yake, mpaka 200 ni kawaida, kuanzia 400 kunaunga mkono kongosho, na katikati ni pa kurudia.

Ultrasaundi huonyesha kongosho lililovimba na mafuta yanayolizunguka, ila inategemea sana jicho la anayeishika mashine. Eksirei hailionyeshi vizuri. Husaidia kutafuta mfupa au jiwe.

Najua vipimo hivi viko mjini na katika hospitali za vyuo, kama ile ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, na kwamba nauli peke yake ni bei ya mbuzi. Piga simu kwanza uulize kama kipimo kipo na bei yake. Mahali ambapo hakipo, daktari anaweza kutibu kwa dalili, na huko si kubahatisha ikiwa ameshatazama damu ya kupe, ameuliza habari ya sumu na amelishika tumbo. Anayechoma sindano bila kufanya hata moja ya hayo ndiye anayebahatisha.

Nusu ya kipimo hicho, ambayo hailipiwi, inatoka kwako. Mbwa alikula nini siku tatu zilizopita, na nani alimwona? Alianza kutapika lini, mara ngapi, na matapishi yana rangi gani? Mifugo iliogeshwa lini na maji ya josho yalimwagwa wapi? Kuna mnyama mwingine aliyeugua? Amepewa dawa gani hapo nyumbani? Waulize watoto wanaochunga, maana wao ndio wanaokaa na mbwa mchana kutwa. Usiwaulize kwa ukali, la sivyo watasema hawakuona kitu.

Dawa za kabatini

Wakati unangoja, usimpe mafuta, samli, wala maziwa yenye mafuta "ya kuosha sumu." Kama ni kongosho, umemwongezea kilichomwangusha. Usimpe diklofenaki, ibuprofeni wala vidonge vingine vya maumivu vya watu, kwa maana hutoboa tumbo la mbwa na kuua figo zake.

Dawa ya nagana ya chembechembe za njano, diminazini, isichomwe kwa kukisia. Kifurushi kile kidogo hupimwa kwa ng'ombe wa kilo 300, na mbwa wengi wa boma hawafiki kilo 25. Kwa mbwa, kosa dogo la kipimo linadhuru ubongo, naye anaanza kuyumba na kukakamaa siku moja au mbili baadaye, halafu watu wanasema ugonjwa umepanda kichwani. Oksitetrasaiklini, ambayo haikosekani katika boma lolote, haitibu kongosho.

Kongosho lililovimba halina sindano yake maalumu. Linatibiwa kwa dripu, dawa ya maumivu anayoichagua daktari, dawa ya kuzuia kutapika, na chakula. Zamani mbwa alifungiwa njaa siku nyingi. Siku hizi tunamrudishia chakula mapema, mara tu kutapika kunapotulia, kidogo kidogo mara nne au tano kwa siku: ugali laini au wali, na nyama nyekundu iliyochemshwa na kuondolewa mafuta yote. Mchuzi upooze kwanza, mafuta yakigandia juu yaondoe. Maji yawepo, kidogo kidogo. Mbwa aliyeugua mara moja anaweza kuugua tena, hivyo sherehe ijayo mfunge mbali na sufuria.

Anayekula sana na kukonda

Kuna ugonjwa mwingine wa kongosho usiokuja kwa kishindo. Kongosho limekufa polepole, na vimeng'enya vimekwisha. Dalili huonekana pale tu sehemu kubwa mno ya kongosho, karibu tisa ya kumi, inapokuwa imepotea. Mbwa ana njaa isiyoisha, anakula hata kinyesi, lakini mbavu zinahesabika. Choo chake ni kingi, laini, kimepauka, chenye mafuta na harufu kali. Ugonjwa huu unazifuata sana familia za mbwa wa aina ya Kijerumani, wale wa polisi, wakiwa bado vijana.

Kwa mbwa wetu wa kienyeji, kabla ya kulitaja kongosho, ondoa minyoo na njaa. Mbwa anayekula kijiko cha uji na kukimbia na ng'ombe kutwa atakonda bila ugonjwa wowote. Mpe dawa ya minyoo yenye prazikwanteli, ongeza chakula kwa wiki tatu, pima uzito kabla na baada. Apimwe pia damu ya nagana. Asiponenepa, kuna kipimo cha damu kiitwacho TLI, na mbwa anatakiwa afunge kula kwa saa 12 hivi kabla ya kutolewa damu. Namba iliyo chini ya 2.5 inathibitisha.

Na hapa mfugaji ana bahati kuliko mtu wa mjini, anayenunua vimeng'enya vya unga kwa bei kubwa. Kongosho bichi la ng'ombe lina vimeng'enya hivyo hivyo. Likikatwakatwa na kuchanganywa na chakula, gramu 30 mpaka 90 kila mlo kwa mbwa wa kilo 20, linafanya kazi ya lile lililokufa. Lisipikwe, kwa sababu moto unaua vimeng'enya. Linahifadhika kwenye friza. Lakini litoke kwa ng'ombe aliyekaguliwa na mkaguzi wa nyama, na liwe kongosho tu. Ini au mapafu yenye vifuko vya maji yasimfikie mbwa kamwe, maana mbwa akivila anapata tegu ambaye mayai yake yanawaletea watu vifuko hivyo hivyo tumboni. Yachome au yafukie kwa kina.

Kisukari nacho hukondesha mbwa anayekula, lakini yeye anakunywa maji mengi na kukojoa mno. Sisimizi kujaa kwenye mkojo ni jambo la kutiliwa maanani, si ushahidi. Karatasi za kupimia mkojo zilizoko kwenye zahanati zinaonyesha sukari ya mbwa sawasawa. Macho yanaweza kuingia ukungu, nayo nagana huleta ukungu. Tofauti ni kwamba wa nagana uko juu ya jicho, wa kibuluu, na wa kisukari uko ndani ya mboni. Kisukari kinataka insulini mara mbili kila siku na mahali pa baridi pa kuitunza. Kwa boma linalohama, hilo ni zito, na ni haki yako kumwambia daktari ukweli huo mapema mkashauriana, hata kama ushauri utakuwa wa kumpumzisha mbwa bila mateso.

Akifa

Kama kuna shaka ya kichaa, asipasuliwe wala kuchunwa na mtu yeyote wa boma. Mwite mtaalamu. Kama shaka ni ya sumu, mwite pia upesi, kabla hajazikwa, ili achukue ini na yaliyomo tumboni na kuyapeleka maabara. Majibu hayo yatawasaidia wazee zaidi ya maneno ya shahidi. Kongosho huharibika ndani ya saa chache baada ya kifo, hasa kwenye joto, kwa hiyo aliyekufa usiku atazamwe alfajiri, akiwa amelazwa kivulini na kufunikwa majani mabichi.